Kusoma picha ya shujaa aliyepanda farasi

Kabla ya kuuliza nyekundu ina maana gani, hakikisha ni nyekundu kweli. Ukungu wa asubuhi wa Mbeya huitia picha ubuluu, na balbu ya njano humgeuza farasi mweupe kuwa rangi ya siagi. Itazame mnamo saa nne, karibu na dirisha ila jua lisiipige, ukisimama kama mita 2. Picha kuukuu ikiwa na varnishi iliyopata unjano, buluu yake huonekana kijani. Vumbi la Iringa nalo hutua sehemu ya chini, ukadhani mchoraji alipaka udongo.

Kisha fumba macho nusu. Mapambo yatapotea, vitabaki vipande vya mwanga na giza. Kinachong'aa kuliko vyote, uso au ncha ya mkuki, ndicho ulichotakiwa kukiona kwanza.

Hapa ndipo wengi huteleza: hukariri kwamba nyeusi ni ubaya. Katika michoro ya makanisa ya Ethiopia, Mtakatifu Georgi hupanda farasi mweupe na Mtakatifu Merkurio mweusi, na wote wawili ni watakatifu. Uovu huko husomwa machoni. Mwema huchorwa akitazama mbele kwa macho mawili, mwovu huchorwa ubavu, jicho moja. Picha za vita vya Adwa vya 1896, kati ya Ethiopia na Italia, huwachora Waitalia hivyo hivyo. Kwa hiyo uliza kwanza picha imetoka wapi.

Farasi naye si wa kupita haraka. Wahehe waliomshinda Zelewski, kamanda wa Wajerumani, pale Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, walipigana kwa miguu. Ukimkuta Mkwawa, mtawala wao, juu ya farasi, mchoraji hasimulii vita. Amemvika alama ya utawala. Mchoraji Mfaransa Jacques-Louis David alifanya vivyo hivyo mwaka 1801: Napoleon wake yuko juu ya farasi aliyesimama kwa miguu ya nyuma, ilhali milima ya Alps aliivuka kwa baghala. Tazama mikono: mmoja una hatamu, mwingine unaelekeza juu. Mnyama amepandwa na wazimu, mpandaji ametulia. Ndiyo hoja yenyewe ya picha.

(Kwamba mguu wa farasi ukiinuliwa shujaa alifia vitani, si kanuni. Achana nayo.)

Mwisho, kama shujaa wa picha yako ana joho jekundu, lizibe kwa kipande cha karatasi. Jicho likikosa pa kutua, nyekundu ndiyo iliyokuwa ikiongoza. Kama hakuna kilichopungua, ilikuwa rangi ya nguo tu.