Kununua gari la zamani lenye namba za Tanzania: namna ya kuamua kabla ya kutoa fedha

Mwenye fedha kidogo anayetaka gari hapa Dar es Salaam ama aagize kutoka Japani, ama anunue lile ambalo tayari limesajiliwa na kutembea hapa nchini. Njia ya pili ina mvuto wake, na sababu yake inaeleweka. Kwa miaka mingi gari dogo la abiria lililozidi miaka 10 limekuwa likitozwa linapoingia bandarini ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 juu ya kodi nyinginezo. Gari lililokwisha kusajiliwa mzigo huo ulibebwa na aliyeliingiza. Lakini swali la kujiuliza si bei ya dalali. Ni kiasi gani kitatoka mfukoni mpaka gari liwe la kutegemewa.

Kwa hiyo anza kwa kugawa fedha zako. Mwenye milioni 8 na atafute gari la milioni 6, kwa kuwa hizo mbili zilizobaki zitaliwa na tairi, betri, shokapu, bushi, oili za injini na giaboksi, bima, na gharama za kubadilisha umiliki. Mtu asiyeweza kubakiza akiba hiyo namshauri asubiri, hata kama gari linaonekana zuri, kwa sababu gari la zamani likikosa matengenezo ya miezi ya mwanzo huharibu vitu vikubwa zaidi.

Usipime umri kwa namba. Husemwa kwamba gari ni "namba D" au "namba E", yaani herufi inayofuata tarakimu kwenye kibao chake, kana kwamba herufi hiyo ndiyo umri wake, ilhali inaonyesha tu lini lilisajiliwa nchini, na Toyota Vitz ya mwaka 2002 inaweza kabisa kuwa na namba D. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi ya gari. Kilomita nazo hurudishwa nyuma kwa urahisi, hivyo tazama mpira wa pedali ya breki, ngozi ya usukani na kiti cha dereva: vikiwa vimelika sana huku dashibodi ikionyesha kilomita 70,000, amini vilivyolika.

Karatasi zikaguliwe kabla ya injini, maana kuzikagua hakuhitaji fundi. Omba kadi halisi, ulinganishe jina lililomo na kitambulisho cha anayeuza, kisha ulinganishe namba ya chesisi na ile iliyogongwa kwenye chuma cha gari, pamoja na namba ya injini. Injini iliyobadilishwa si kosa, ila kadi inapaswa kuwa imerekebishwa. Ukiona jina la benki kwenye kadi, dai barua ya kuthibitisha kwamba mkopo umekwisha. Angalia pia madeni ya faini za barabarani kwenye mfumo wa polisi kwa kutumia namba ya gari. Ukiambiwa kwamba mwenye kadi yuko mkoani na mkataba utasainiwa na ndugu yake, ondoka.

Injini ndiyo inayostahili muda wako mwingi, nayo ikaguliwe ikiwa baridi. Nilinunua Corolla yangu ya kwanza saa kumi jioni, nikaikuta imeshawashwa, nami nikaona ni ukarimu wa muuzaji. Miezi mitatu baadaye ilichemsha, na fundi alipofungua akakuta silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, imepinda, tena ilikuwa imewahi kuchongwa. Tangu hapo huagana na muuzaji kwamba nitafika asubuhi na gari lisiwashwe, na kabla ya jambo lolote naweka mkono juu ya injini. Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta: maji yenye kutu au mafuta juu yake ni dalili mbaya. Chomoa kijiti cha kupimia oili na ufungue kifuniko cha kujazia oili, kwa kuwa utando unaofanana na chai ya maziwa maana yake maji yameingia kwenye oili. Kisha mwombe mtu awashe huku wewe umesimama nyuma. Moshi wa bluu unaoendelea ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata joto ni maji. Liache liungurume dakika ishirini, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, huku ukitazama mshale au taa ya joto.

Gari lililokaa pwani, hasa Zanzibar au karibu na bahari, liinuliwe kwa jeki na kutazamwa chini, kwani chumvi hula chuma pale ambapo rangi mpya haifiki. Nyanyua mazulia na kapeti la buti. Alama za kulehemu kwenye chesisi ni sababu tosha ya kuliacha.

Barabarani, giaboksi isishtuke unapotoka N (huru) kwenda D (mbele) au R (nyuma), na gari lisivute upande ukifunga breki. Nenda na fundi wako mwenyewe, aliyelipwa na wewe, awe na mashine ya kusoma makosa kwenye kompyuta ya gari.

Tairi, shokapu, taa na rangi ni vya kupunguziwa bei. Injini iliyochemsha, chesisi iliyolehemiwa na karatasi zenye utata havina bei ya kupunguza. Kabla ya kukubali, pita Kariakoo uulize bei ya giaboksi, taa ya mbele na bampa la gari hilo hilo, maana magari mengi huuzwa rahisi kwa sababu vipuri vyake ni adimu.

Ukiridhika, andikishianeni mkataba mbele ya mwanasheria, lipa kwa benki, na ubadilishe umiliki TRA (Mamlaka ya Mapato) mara moja. Wiki hiyo hiyo mwaga oili zote uweke mpya, uliza kama injini ina mkanda wa taimingi na uubadilishe pamoja na pampu ya maji, kisha andika kilomita za siku hiyo kwenye daftari litakalokaa ndani ya gari.