Kujaza fomu ya WIBA isirudishwe

Fidia ya kuumia kazini hapa Kenya, chini ya sheria ya WIBA (Work Injury Benefits Act) ya 2007, hukwama mahali pawili: kwenye daftari la huduma ya kwanza na kwenye sehemu ya fomu inayojazwa na daktari. Kwingine ni foleni tu.

Tuanze na daftari. Kama damu inatoka, nenda hospitali, lakini mwenzako abaki aandikishe: tarehe, saa, mashine, kiungo, upande, na nani aliona. "Ameumia mkono" haitoshi. Iandikwe "kidole cha shahada, mkono wa kulia, pingili ya juu". Muuguzi wa kampuni akiandika "maumivu ya mkono" na kukupa vidonge viwili, jiandae kuulizwa na watu wa bima kama hukuumia ukicheza mpira Jumapili. Piga picha ukurasa huo siku iyo hiyo, maana madaftari hupotea. Kisanduku cha huduma ya kwanza nacho ni lazima kisheria, kiwe na msimamizi ambaye jina lake limebandikwa ukutani, na kisiwekwe kitu kingine ila vifaa vya huduma ya kwanza. Sukari ya chai itafutiwe makao.

Mjulishe mwajiri. Kwa mdomo inakubalika, ila ujumbe wa simu una saa na tarehe. Akishajua, ana siku 7 za kumripotia Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Mtu akifa, ni saa 24. Msimamizi akisema "hiyo si ajali ya kazi", si yeye anayeamua: ukidai imetokana na kazi, lazima aripoti. Vibarua pia wamo.

Fomu inaitwa DOSH/WIBA 1 (DOSH ni idara ya huyo Mkurugenzi). Kwenye sehemu ya mwajiri, kagua mshahara kabla hajapiga mhuri. Ulemavu wa kudumu hukokotolewa kwa mapato ya miezi 96: mwenye 20,000 kwa mwezi akipimwa asilimia 10 hupata 192,000. Mwajiri "akisahau" posho za kila mwezi akaandika 15,000, zinabaki 144,000. Kibarua asiye na karatasi ya mshahara achapishe taarifa ya M-Pesa inayoonyesha malipo.

Sehemu ya daktari ndiyo inayowarudisha watu nyumbani. Ijazwe na daktari aliyesajiliwa. Afisa wa kliniki anaweza kukushona vizuri kuliko wote, lakini sahihi yake hapo haitoshi. Kabla hujaondoka chumbani, angalia jina, namba ya usajili, mhuri, tarehe, siku ulizopewa za kupumzika (malipo ya ulemavu wa muda huanza ukikosa kazi siku 3 au zaidi) na kwamba upande wa jeraha unalingana na daftari. Kulia kwenye daftari na kushoto kwenye fomu ni safari nyingine. Asilimia ya ulemavu wa kudumu usiikimbilie ukiwa bado na plasta. Subiri upone, kwa sababu kiungo kinachokataa kukunjwa huonekana baadaye. Lakini usilale: dai lina miezi 12 tangu siku ya ajali.

Risiti za dawa, hospitali na nauli za matibabu weka zote, kwa sababu gharama hizo ni za mwajiri.

Peleka fomu ofisi ya leba ya kaunti ukiwa na nakala yako, nayo igongwe mhuri wa kupokea. Bila mhuri huo, faili likipotea ni wewe uliyepotea. Tathmini ya fidia hutoka kwenye fomu ya DOSH/WIBA 4, na mwajiri au bima ana siku 90 za kulipa. Usiporidhika, peleka pingamizi kwa Mkurugenzi ndani ya siku 60. Anatakiwa kujibu kwa siku 14, kisha una siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Wakili akitaka kuanzia kwa hakimu, mkumbushe kwamba Mahakama ya Juu iliidhinisha utaratibu huu Desemba 2019: kesi huanzia kwa Mkurugenzi.