Kuunda mifupa ya joka lenye mabawa kwa mbuzi, kambale na mkia wa ng'ombe

Kabla hujashika mfupa wowote, amua joka lako lina viungo vingapi. Picha nyingi hulipa miguu minne, kisha zikaliongezea mabawa mawili. Hakuna mnyama mwenye uti wa mgongo aliye na viungo sita. Bawa la ndege au la popo ni mkono uliobadilika. Kwa hiyo letu litakuwa na miguu miwili ya nyuma, na ile ya mbele itageuka mabawa. Mtu yeyote aliyewahi kuchinja kuku akiliona ataamini, hata kama hajui kwa nini.

1. Kutafuta mifupa

Zungumza na mwenye bucha mapema. Mwambie asitumie shoka, atenganishe kwenye maungio kwa kisu. Unahitaji mgongo mzima wa mbuzi na shingo yake, miguu yote minne pamoja na kwato, mbavu za mbuzi wa pili, na mkia wa ng'ombe.

Kichwa ni cha kambale mkubwa, hasa wale wanaoletwa kutoka mto Malagarasi. Migebuka ya mwalo wa Kibirizi, Kigoma, ni mizuri kwa kitoweo, lakini fuvu lake husambaratika likipata moto. La kambale limeungana juu kama ngao moja ngumu.

Usiokote mifupa porini. Gombe na Mahale ni hifadhi za taifa, na hata nje ya hifadhi, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inahesabu mifupa ya mnyamapori kuwa nyara. Kukutwa nayo bila kibali ni kosa. Mzoga wa mfugo aliyejifia nao uache kabisa, kwa sababu ya kimeta.

Jambo jingine: waambie majirani na mjumbe unachofanya kabla hujaanza. Mifupa ikianikwa uani bila maelezo huzua maneno, na maneno ya namna hiyo yanaweza kumdhuru mtu.

2. Kusafisha

Ondoa nyama kwa kisu, kisha funga kila kiungo peke yake ndani ya kipande cha wavu wa dagaa. Matundu yake ni madogo, hata vifupa vya kifundo havipotei, na utajua upi ni wa kulia na upi wa kushoto. Zamisha kwenye ndoo yenye mfuniko, mbali na nyumba, wiki tatu au nne, ukibadilisha maji kiasi kila baada ya siku chache. Kutanuka harufu kali, vaa glavu.

Usichemshe mifupa ya mbuzi, moto huzamisha mafuta ndani. Ikishatakata, loweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo mpaka maji yasionyeshe tena mafuta. Kisha loweka siku nzima kwenye hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ya duka la dawa. Jiki hapana, inaula mfupa. Anika kivulini.

Kichwa cha kambale kimwagie maji moto tu, usugue kwa mswaki.

3. Uti wa mgongo

Panga pingili kwa mfuatano: shingo 7, kisha zenye mbavu 13, halafu za kiuno. Pitisha waya mnene kwenye tundu la uti. Kati ya pingili na pingili mnyama hai ana gegedu. Bila gegedu hilo, mgongo utakuwa mfupi na mkavu. Kata vipande vyembamba vya kandambili kuukuu, milimita 2 hadi 3, uviweke hapo.

Mkia wa mbuzi ni mfupi, hivyo endeleza kwa pingili za ng'ombe. Zile nene za mwanzo ziache, anza na zinazolingana na nyonga ya mbuzi, umalizie kwa nyembamba.

4. Mabawa

Hapa ndipo kazi ilipo. Mbuzi hana mtulinga, yaani mfupa unaounganisha bega na kidari. Kombe la bega lake limeshikwa na misuli tu. Ndege na popo wanao, kwa kuwa bawa linahitaji nguzo ya kusukumia. Chukua ubavu mfupi, uunganishe kutoka bega hadi kidari, kila upande. Watazamaji wengi hawatauona, lakini bila huo bawa huonekana limening'inizwa.

Acha mifupa ya mkono mpaka kwenye kifundo, pale panapoonekana kama goti la mguu wa mbele. Ondoa ule mrefu unaofuata, badala yake toboa kwa biti ya milimita 2 (vaa barakoa, vumbi la mfupa ni baya) ufunge mbavu nne kama vidole vya popo, mrefu zaidi mbele. Kidole gumba ni kifupa kilicho ndani ya kwato: vua ganda lake baada ya kuloweka, utakuta pembetatu ndogo yenye ncha. Ndiyo kucha, na miguu ya nyuma nayo ipe zake.

5. Kichwa na rangi

Fuvu la mbuzi hukaa shingoni kwa vifundo viwili. La samaki lina kikombe kimoja. Finyanga vifundo viwili nyuma ya fuvu la kambale kwa gundi ya kuchanganya na unga wa mbao, ujaribu kuinamisha kichwa kabla haijakauka. Taya funga kwa waya mwembamba, likiwa wazi kidogo.

Ukitaka lionekane la kale, paka kahawa nzito kwa brashi, ukirudia kwenye maungio. Mawese usiyaguse, yatavutia sisimizi. Malizia kwa vanishi isiyong'aa, tabaka mbili.