Ukiwa Goma, mashariki mwa Kongo, na unatuma bango kwenye shindano la kimataifa lenye mada ya ukinzani

Hatua ya 1: kanuni. Andika pembeni ukubwa wa bango, aina ya faili, uzito wa mwisho na saa ya kufunga. Kama kuna ada, tafuta mapema mtu mwenye kadi inayokubalika mtandaoni.

Hatua ya 2: wazo. Wengi huchora tajiri kushoto, maskini kulia. Hiyo ni tofauti tu. Ukinzani ni kitu kimoja chenye pande mbili zinazokataana. Chukua jiwe la lava: Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilimwaga lava hadi katikati ya mji, ikateketeza nyumba, na mawe hayohayo, yakishachongwa kwa nyundo, ndiyo misingi na kuta za nyumba zilizofuata. Au bidoni (dumu la maji) ya njano ya lita 20, tupu, mbele ya Ziwa Kivu. Ukiweza kukata bango kwa mkasi na kila kipande kikabaki na maana kamili, wazo bado.

Hatua ya 3: chora michoro 20 midogo kwa penseli, chagua mmoja, uchore upya katika Inkscape, programu ya kuchora kwenye kompyuta. Ni ya bure, na haidai intaneti ili kuhakikisha leseni.

Hatua ya 4: faili. Hapa ndipo usiku mzima hupotea. Tuseme wanataka sm 70 × 100. Kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) hiyo ni pikseli 8268 × 11811, karibu megabaiti 290 kwenye kumbukumbu ya mashine. Kompyuta ya RAM GB 4 inaweza kuganda. Kama kanuni zinaruhusu, toa kwa dpi 150: 4134 × 5906. Picha ya simu ya pikseli 3000 × 4000 ikijaza bango lote inabaki karibu dpi 100, na kuandika 300 wakati wa kutoa hakuongezi chochote. Kwa hiyo piga picha ya jiwe kwa karibu, au lichore kwa mistari.

Weka mstatili mweupe chini ya kila kitu, la sivyo sehemu tupu za PNG (faili ya picha inayotoka Inkscape) zinaweza kugeuka nyeusi ukiigeuza JPEG. Kama wanataka PDF, hifadhi nakala kwanza, kisha geuza herufi ziwe michoro. Fonti isiyopachikwa ndani ya PDF, na isiyokuwepo kwenye mashine ya majaji, hubadilishwa na nyingine na mpangilio unaharibika. Wakitaka RGB (rangi za skrini), baki sRGB, aina yake ya kawaida. Wakitaka CMYK (rangi za wino wa kuchapa), pitia Scribus, programu ya kupanga kurasa, na usitegemee bluu kali ya skrini kwa maji ya ziwa: kwenye wino hufifia na kuelekea zambarau.

Punguza JPEG katika GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa ubora 85 hadi 90, kisha ikuze upitie kingo za herufi. Hapohapo, kwenye dirisha la kuhifadhi, ondoa tiki ya Exif na XMP (taarifa zilizofichwa ndani ya picha): majaji wasipotakiwa kujua majina, jina lako lisibaki ndani ya faili.

Hatua ya 5: maelezo. Jaji wa mbali hajui bidoni inasimulia nini. Taja mji, volkano na mwaka kwa sentensi tatu.

Hatua ya 6: kutuma. Saa 23:59 UTC (saa ya kimataifa) kwetu Goma ni saa saba na dakika 59 usiku, tarehe ya kesho yake. Usingoje. Tuma siku mbili kabla, alfajiri, betri ikiwa imejaa na mega za kutosha kutuma faili mara tatu, kwa sababu mtandao ukikatika tovuti nyingi huanza upya toka sifuri. Usifunge ukurasa kabla ya kupiga picha namba ya usajili.