Kukodi fleti ya kifahari Mji Mkongwe, Unguja: anza na paa

Masika yangu ya kwanza Mji Mkongwe nililala na ndoo tatu chumbani. Fleti yenyewe ilikuwa Kiponda, ghorofa ya pili, kitanda cha samadari, vioo vya rangi juu ya madirisha, sakafu imepigwa msasa mpaka inang'aa. Niliikagua mwezi wa Januari, kaskazi inavuma, kila kitu kikavu. Mwezi wa Aprili ukuta wa kichwani ukaanza kuvimba, chumvi ikamwagika kwenye mito kama unga, na usiku mmoja kipande cha lipu kikaanguka kando ya kabati alipokuwa akicheza mwanangu jioni ile. Mwenye nyumba aliniambia ni mvua tu. Hivyo nawaomba: uzuri wa nyumba hizi utazameni mwisho.

Hatua ya kwanza: panda juu

Dalali atakupeleka sebuleni. Mwambie unataka kuanzia juu ya paa.

Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na dari zake zinashikwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vingi ni virefu na vyembamba. (Pima kabla hujanunua makochi.) Ukuta wa namna hii una nguvu sana ukiwa mkavu. Maji yakipata njia kutoka juu, udongo ulioshika mawe unaoshwa kidogo kidogo, ukuta unabaki na matundu ndani usiyoyaona. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib ilianguka ikiwa kwenye ukarabati, watu wawili wakafariki. Jumba la sultani lile, juu ya Forodhani, mbele ya macho ya kila mtu.

Kwa hiyo tazama mabati yaliyoshika kutu, mifereji iliyoziba majani, mti mchanga uliojiotea kwenye ufa. Kisha shuka, ufanye haya:

Weka kiganja ukutani. Kikitoka na unga mweupe, kuna unyevu unaopanda au unaoshuka. Gonga lipu kwa kifundo cha kidole. Mlio wa debe tupu maana yake imeachana na jiwe. Uliza kama ilipigwa kwa chokaa au kwa saruji. Chokaa inaacha ukuta upumue. Saruji inafungia unyevu ndani, na baada ya misimu miwili mitatu inabanduka na jiwe lake. Fleti nyingi zinazoitwa za kisasa zimepigwa saruji, na hapo ndipo fedha za mpangaji zinapopotelea.

Boriti nazo zitazame pale zinapoingia ukutani. Huoza nchani kwanza. Ukichoma kwa ncha ya ufunguo na ufunguo ukazama, toka ukatafute kwingine. Na ukiona rangi mpya imeishia kiunoni tu, nusa. Ukungu hauzibwi na rangi.

Ukiweza, kagua mwezi wa Aprili au Mei. Utapata nyumba chache, lakini utazijua.

Hatua ya pili: nani hasa mwenye nyumba?

Hapa watu hutapeliwa zaidi ya pengine popote. Nyumba ya Mji Mkongwe inaweza kuwa ya mtu binafsi. Inaweza kuwa ya warithi kumi, watatu wako Unguja, wengine Dar, Dubai na Maskati. Inaweza kuwa ya wakf, yaani mali iliyotolewa kwa ajili ya dini au hisani, chini ya Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Au ya serikali, kwa kuwa majumba mengi yalitaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na sasa nyumba za serikali zinasimamiwa na Shirika la Nyumba.

Anayekufungulia mlango huenda naye ni mpangaji. Si kosa kuwa mpangaji, ila akuonyeshe ruhusa ya maandishi ya kupangisha. Kwa nyumba ya mirathi, taka hati ya uwakala iliyosainiwa na warithi. Kisha nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa huo, kabla hujalipa, si baada. Sheha anajua nani anagombana na nani juu ya nyumba ipi.

Hatua ya tatu: maji na umeme

Fungua bomba la juu kabisa, na bomba la chooni, kwa wakati mmoja. Uliza tangi ni la lita ngapi, wanaligawana wangapi, na pampu ikiharibika nani analipa. Maji ya kisima cha uani mara nyingi yana chumvi. Yatafaa kuosha sakafu, hayafai chai.

Mita ya Tukuza, ile ya umeme wa kulipia kabla, iwe yako peke yako. Mita ya kuchangia na mgahawa wa chini ni ugomvi wa kila wiki. Kuhusu jenereta, sisi tuliokaa gizani Unguja ilipokosa umeme kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010 hatuhitaji kuhubiriwa.

Hatua ya nne: tembea mtaa

Nenda alfajiri, adhuhuri na saa nne usiku. Shangani na karibu na Forodhani kuna upepo wa bahari na kelele za wageni. Malindi kuna shughuli za bandari. Hurumzi kimya, ila vichochoro havipitishi gari, fenicha zako zitaingia kwa mkokoteni na mabega ya wachukuzi.

Hatua ya tano: mkataba

Uandikwe kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa huduma za ndani, ingawa utasikia bado bei za dola. Andikeni wazi: paa, ukuta na boriti ni juu ya mwenye nyumba, na siku ngapi anapewa kurekebisha. Piga picha kila ukuta siku ya kupokea funguo.

Maswali ya wasomaji

*Dada wa Dar es Salaam: Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, na mwenye nyumba anataka mwaka mzima mbele. Nikubali?*

Udalali wa mwezi mmoja ni kawaida. Mwaka mzima, hapana, dada yangu, kama hujapitisha masika humo. Omba miezi sita inayopita Aprili na Mei, halafu muongee upya.

*Kaka aliye Maskati: Nawakodia wazee wangu, siwezi kuja. Nitajuaje?*

Tuma ndugu unayemwamini, si rafiki wa dalali. Akupigie simu ya video akiwa juu ya paa, bomba zikiwa wazi. Na kwa wazee, hesabu ngazi. Ngazi zetu ni za wima na giza. Mama mwenye magoti mabovu ghorofa ya tatu atakuwa mfungwa, hata baraza ya nje ataisikia kwa masikio tu. Mtafutie ghorofa ya kwanza.

*Msomaji wa Mombasa: Naweza kutoboa ukuta niweke kiyoyozi?*

Usiguse bila idhini ya mwenye nyumba na ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, na sura ya nje ina masharti. Hata ukiruhusiwa, bomba la maji ya kiyoyozi lielekezwe mbali na ukuta. Pale Kiponda, baada ya mafundi kuubomoa ukuta wangu, tulikuta nusu ya maji yalikuwa yakitoka kwenye kiyoyozi cha jirani wa juu.