Jinsi ya Kueleza kwa Kiingereza Jambo Lililokuwa Likiendelea

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza hapa Mbeya anapotaka kusema kwa Kiingereza "Nilikuwa namenya viazi mvua ilipoanza," tayari ana nusu ya somo kinywani, kwa kuwa Kiswahili nacho hutumia vitenzi viwili hapo: "nilikuwa" kinachobeba wakati, na "namenya" kinachoonyesha kwamba kazi ilikuwa haijaisha. Kiingereza husema: "I was peeling potatoes when the rain started."

Anza na kitenzi kisaidizi. Tumia "was" kwa "I", "he", "she", "it" na nomino za umoja, na "were" kwa "we", "they" na nomino za wingi. "You" huchukua "were" hata unapozungumza na mtu mmoja. Kisha kiongezee kitenzi kikuu "-ing". Herufi "e" isiyotamkwa mwishoni hudondoka, ndiyo maana "drive" huwa "driving". Katika kukanusha, "not" hufuata kisaidizi, katika kuuliza, kisaidizi hutangulia kiima: "Were they picking tea?"

Kosa ninalolisahihisha kuliko mengine yote ni "I peeling potatoes". Chanzo chake kinaeleweka: "namenya" ni sentensi kamili, ina nafsi na wakati ndani yake, lakini "peeling" haina hata kimoja kati ya hivyo, na bila "was" inaelea tu.

Matumizi yanahitaji uangalifu zaidi. Chukua wachumaji wa chai wa Mufindi wanaosubiri lori. "When the lorry arrived, we were picking tea" maana yake lori liliwakuta kazini. "When the lorry arrived, we picked tea" maana yake walianza kuchuma baada ya lori kufika. Tendo refu lililokatizwa ndilo linalochukua "was" au "were" pamoja na "-ing", na lile fupi lililolikatiza hubaki katika wakati uliopita wa kawaida.

Hata hivyo, si kila "nilikuwa na-" hutafsiriwa hivyo. "Nilikuwa najua" ni "I knew", kamwe si "I was knowing", kwa sababu kujua, kupenda na kuamini kwa kawaida Kiingereza huvihesabu kuwa hali, si matendo yanayoendelea. Na ukisema "Zamani nilikuwa nauza maparachichi Tukuyu kila Jumamosi," unaeleza mazoea yaliyokwisha, hivyo sema "I used to sell avocados in Tukuyu every Saturday."