Usimsake malkia, angalia mayai

Jamani nyie mnaofungua mzinga mkakaa muda wote huo mnamsaka malkia huku nyuki wanazidi kuchachamaa, acheni hiyo, mayai tu yanatosha kukuonyesha kama yupo. Toa fremu (ubao unaoshika sega) ya katikati yenye majana, yaani watoto wa nyuki, simama jua likiwa nyuma ya bega lako ili mwanga uingie mpaka chini ya vishimo vya sega, utaona kitu cheupe chembamba kama kipande cha uzi, hilo ndo yai. Yai linaanguliwa baada ya siku 3, kwa hiyo ukiliona ujue malkia alikuwepo ndani ya siku hizo, funga mzinga wako basi. Ila cheki vizuri, liwe moja kila kishimo, limekaa chini katikati. Ukikuta mengi yamebandikwa kwenye kuta za kishimo hao ni vibarua, yaani nyuki wa kazi, wanataga, malkia hayupo kitambo na watatoa madume matupu. Malkia mpya naye mwanzoni huweza kuweka mawili mawili lakini yake yanakaa chini, huyo mpe wiki moja ucheki tena. Na tafadhali fremu isikae juani, majana yanakauka haraka mno.